Kabati la Kuazima

Cedar Fork, Tennessee
11 Februari 2009

Mpendwa Terrell,

Simwamini Mungu. Sijamwamini tangu vuli ya mwaka 1962, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu niliyemwambia, hata marehemu mke wangu Opal, aliyelala ubavuni mwangu hadi alipofariki. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Huku ni baridi ya mvua na matope. Moyo wangu umechoka. Miguu imevimba, nalala nimekaa kitini, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Mama yako yuko katika nyumba ya wazee tangu Novemba. Macho yamefifia lakini akili ni kali kuliko yangu. Kila Alhamisi nikienda kumwona huniuliza, "Terrell kaandika?" nami humwambia posta wanachelewa. Barua zake ulizokuwa ukizirudisha bila kuzifungua ninazo mimi, thelathini na moja, katika sanduku la viatu. Alinikabidhi siku aliyohama.

Mwezi uliopita, nje ya hospitali ya mjini, binti mmoja mwanafunzi alinipa karatasi. Imeandikwa: Huamini? Hauko peke yako. Toka kabatini. Nikamuuliza kabati gani. Akanijibu kwa upole, kama anayemweleza babu yake, kwamba mashoga walijificha miaka mingi, kisha wakajitokeza mmoja mmoja hadi majirani wakaona kwamba ni watu tu, na sasa ni zamu ya wasioamini. Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Neno hilo ni lenu, najua. Lakini lilinikaa mwilini kama koti langu mwenyewe. Nimeishi gizani kwa kuwaogopa watu walewale waliokufukuza wewe. Mara moja tu nilijaribu kuwa mkweli. Mwaka 1986, kwa miezi minne, kila Jumapili sinia la mkate wa meza ya Bwana liliponifikia nililipitisha bila kumega. Kisha nikaanza kumega tena.

Nataka kujitokeza mbele ya kanisa zima kabla sijafa. Nimewaanzishia nyimbo miaka thelathini na tisa. Nataka moja iwakwame kooni nami nikitazama. Wewe ulishapita njia hiyo. Niambie, mtu huanzaje?

Baba yako Mdogo,
Doyle


Minneapolis
2 Aprili 2009

Bwana Doyle Hargis,

Huku theluji bado ipo. Mimi na mwenzangu Arne hatujambo. Kazi ya kutengeneza piano inaenda vizuri, na wewe unajua kwa nini mtoto wa kanisa lisiloruhusu hata zumari alichagua kuishi kwa ala. Salamu zimekwisha.

Nikukumbushe Jumapili unayoizungukazunguka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuandikia wewe, peke yako duniani, kwamba nampenda mwanamume mwenzangu na kwamba sijui la kufanya. Ukaniambia barua haikukufikia. Wewe uliishi chumba cha nyuma, baba na mama nyumba ya mbele, sanduku la barua lilikuwa moja barabarani, na aliyelifungua kila adhuhuri alikuwa mama. Jumapili hiyo nilikaa karibu naye, benchi la tatu. Baba akasimama na wazee wenzake wa kanisa, barua yangu mkononi. Alisoma mistari minne, ile minne mibaya kuliko yote, kisha akatangaza kwamba usharika unajitenga nami. Nikamtazama mama. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Halafu wewe ukainuka, ukatoa mfukoni kile kifilimbi chako cha kutolea sauti ya kuanzia tu, ukakipuliza, na watu mia tatu wakaimba sauti nne bila kukosea. Ulikuwa ukipunga mkono kuwaongoza. Nilitoka kwenye ubeti wa pili.

Na leo unaniambia ulikuwa kabatini. Kabati hilo tulifia ndani yake, mzee. Nimezika marafiki tisa, wote kwa UKIMWI. Watatu kati yao wazazi wao walikataa hata kusogelea jeneza. Wewe ulikuwa sebuleni, kikombe cha kahawa mkononi, unasikiliza tukigonga mlango. Nani aliwahi kukupiga kwa kutoamini kwako? Nani alikutazama vibaya mkono wako ulipomshika mkeo barabarani? Mlikuja tulipomaliza kulipa, mkayakuta maneno yametandikwa mezani, mkaketi. Hata neno fahari, jina la magwaride yetu, nasikia mmelichukua.

Arne anasema maneno si keki kwamba yataisha. Nimemwambia Arne hakuwepo.

Unauliza mtu huanzaje. Huanza kwa kupoteza. Kama una miaka themanini na tatu na huna cha kupoteza, huko si kujitokeza, ni kuagwa kazini.

Kuhusu mama, usiwasingizie posta. Mwambie hivi: nitakuja siku atakaposimama mbele ya kanisa lile aseme, mimi ndiye niliyeifungua barua ya mwanangu. Kabla ya hapo, hapana, hata akiwa anakata roho. Nimeilea hasira hii vizuri na imeshakuwa mtu mzima.

Halafu, kwa nini ulianza tena kumega mkate? Hukusema.

T. Hargis


Cedar Fork
8 Juni 2009

Mpendwa Terrell,

Ni wiki tisa tangu uandike. Nilianza kukujibu mara nne. Natumaini wewe na Arne mko salama. Huku joto limekuja na mbu wake. Mama yako alianguka Mei, akavunjika nyonga, hatembei tena. Bado ananiuliza kila Alhamisi. Ujumbe wako sikumpa.

Uliyosema nimeyasoma kwa sauti, nikiwa peke yangu, kama nilivyokuwa nikiwalazimisha wanafunzi wangu wa Kilatini kusoma makosa yao. Hakuna la kusahihisha. Naongeza moja tu. Opal alipokufa walinipanga mstari kunishika mkono, na kila mmoja akaniambia anakungoja, Doyle, anakungoja kule. Nami nilijua hakuna anayeningoja popote, nikasema amina mara mia mbili. Watu hawa walinifundisha jina la kila dhambi, lakini kwa hali yangu walinipa neno moja, mpumbavu. Kama nimeazima, nimeazima kwa sababu nilikuwa uchi.

Wala usidhani sikukulipizia. Unajua baba yako alivyoionea fahari sauti yake. Tangu Jumapili ile nilianzisha kila wimbo juu kidogo, kisha juu kidogo tena, hadi koo lake likawa linapasuka kwenye kiitikio na wanawake wanageuka kumtazama. Nilimfanyia hivyo miaka kumi na miwili, mpaka anakufa. Alidhani ni uzee. Mwaka wa sita aliacha kuimba kabisa, akawa anafungua mdomo tu.

Sasa sikiliza lililotokea jana, ucheke.

Mwisho wa mahubiri, wimbo wa mwaliko ulipoanza, nilitoka nikaenda mbele na mkongojo wangu, nikakaa benchi la kwanza. Wakaniletea kadi. Unaikumbuka: visanduku vitatu, ubatizo, kurejea, kuombewa, na chini yake mistari miwili mitupu. Nilikuwa nimepanga la kuandika katika kila mstari. Wa kwanza niliandika: Siamini kwamba kuna Mungu, na sijaamini tangu 1962. Wa pili niliuacha mtupu, nikaikabidhi.

Mhubiri ni kijana aitwaye Tolliver, ana ndevu za mtindo. Akaisoma kimyakimya. Akafumba macho. Kisha akawageukia watu, akasema, "Ndugu zangu, Mzee wetu Doyle amekuja mbele kuomba maombi. Amepita katika bonde la mashaka kwa muda mrefu."

Nikamwambia, "Soma kilichoandikwa."

"Nimesoma, Mzee Doyle."

"Wasomee hao."

Akanipigapiga begani. "Bwana anajua kusoma, mzee wangu. Wewe tulia."

"Bwana hayupo. Ndicho kilichoandikwa hapo."

"Mmesikia uchungu wake," akawaambia.

Wakanijia, Terrell. Benchi kwa benchi. Wanaume wananikumbatia, wanalia shingoni mwangu. Maxine Crabtree, anayekaa nyuma yangu tangu Kennedy yuko hai, akaninong'oneza, "Doyle, hata mie hunijia hayo, hasa nikila maharage usiku." Nikamwambia, Maxine, simaanishi tumbo. Akasema, "Basi nitakuletea supu."

Hadi sasa vyombo kumi na kimoja viko jikoni kwangu, kila kimoja kina jina la mwenyewe kwenye utepe chini. Kuku wa kuoka saba. Pai tatu. Nilitaka kuwachoma na wamenipasha joto. Siku niliyowaambia ukweli ndiyo siku waliyonipenda kuliko zote.

Baba yako Mdogo,
Doyle


Minneapolis
29 Juni 2009

Mzee Doyle,

Hatujambo. Jana lilikuwa gwaride letu, miguu inauma, Arne ameungua pua kwa jua.

Nimecheka hadi Arne akaja kuniangalia. Kisha nikaacha kucheka na sikuweza kula. Hebu yapange mwenyewe. Mimi niliandika ukweli kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mtu mmoja, nikafukuzwa mbele ya mia tatu. Wewe umeandika mbele ya mia tatu kwamba mwenye nyumba hayupo, ukaletewa kuku. Hawakukuogopa, mzee, ndiyo sababu. Wewe ni wao hata ukikana. Mimi sikuwa wao hata nilipoimba.

Kwa hiyo kisasi chako kimegeuka pai, nami nafurahi kidogo, nisikufiche. Kwenye gwaride kulikuwa na kikundi chenu. Wana bango: Sisi ni wasioamini, tumejitokeza. Mvulana mmoja alinipa beji. Nikamuuliza, umepoteza nani? Akasema shangazi yake hampigii tena simu. Nilikaribia kumwambia akatafute neno lake mwenyewe. Lakini alikuwa na macho ya mtu ambaye kweli shangazi hampigii simu, nikaivaa beji yake hadi mwisho wa barabara. Arne hataacha kunikumbusha.

Ile habari ya koo la baba imenifurahisha mno. Mwaka wa sita, ulisema? Nilikuwa na njaa ya habari kama hiyo kwa miaka mingi.

Lakini mimi ni fundi, nasikia uzi mmoja usiolia. Unasema kadi ina mistari miwili na ulikuwa na la kuandika katika kila mmoja. Umenipa wa kwanza. Wa pili ulikuwa nini? Na mkate pia hujajibu.

Kuhusu nyonga ya mama, pole yake. Sharti ni lilelile. Anaweza kusemea kitandani, mradi Tolliver na wazee wa kanisa wawepo wasikie.

Terrell


Cedar Fork
17 Septemba 2009

Mpendwa Terrell,

Mama yako Nadine alifariki Jumamosi, tarehe kumi na mbili, baada ya kifungua kinywa. Nilipiga simu, Arne akapokea, akasema hutakuja. Alikuwa na adabu. Tulimzika Jumatatu karibu na baba yako.

Alhamisi yake ya mwisho nilikuwepo. Aliniuliza lilelile. Nikasema, posta wanachelewa, Nadine. Akasema, "Wanachelewa kweli, Doyle," akageukia ukuta.

Niliongoza nyimbo nikiwa nimekaa. Nilianzisha chini, mahali ambapo yeye angefika bila taabu.

Ulichouliza Juni sijakisahau. Kifua kimejaa maji, siandiki kwa muda mrefu.

Doyle


Minneapolis
5 Oktoba 2009

Baba Mdogo,

Natumaini kifua kimepata nafuu. Arne anakusalimu na anasema upunguze chumvi.

Nimekaa wiki tatu nikingoja kulia na sijalia. Nilichosikia ni kama kamba ya piano iliyokazwa miaka ishirini na tatu ikakatika, na fundi akakaa tu kuitazama. Sikwenda, na sijutii. Alikuwa na miaka yote hiyo ya kusema sentensi moja. Aliandika barua thelathini na moja, lakini barua ndizo alizojua kuzifungua, sikutaka zake.

Zichome. Usizifungue, usinitumie. Washa jiko lako na uzitie moja moja, na iwe mwisho wake. Hicho ndicho kisasi nilichomwekea, na nakuomba wewe ukikamilishe kwa mkono wako, maana umebaki peke yako katika ukoo.

Na kuhusu wewe, nimekuwa mkali. Arne alikuwa sahihi na mimi siwezi kumwambia hivyo usoni. Chukua neno letu, Baba Mdogo. Ulikuwa kabatini. Ulikaa humo peke yako muda mrefu kuliko mimi, na hakuna aliyegonga akakuuliza kama unapumua. Angalau wewe hukuwahi kunitendea ubaya zaidi ya wimbo mmoja. Mstari wa pili wa kadi nausamehe, hata sihitaji kuujua.

Njoo Minneapolis ukipata nguvu. Tuna chumba cha chini, hakina ngazi.

Mwanao,
Terrell


Cedar Fork
30 Oktoba 2009

Mpendwa Terrell,

Sikupi salamu wala habari za nyumbani leo. Jirani ananisaidia kuishika karatasi, ila maneno ni yangu na yeye hayasomi.

Niliwasha jiko kama ulivyoagiza. Nilikaa mbele yake na sanduku la viatu magotini. Ningeweza. Hakuna ambaye angejua. Ulikuwa umeshanisamehe na kunitandikia kitanda. Umenirudishia jina la Baba Mdogo, na nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Badala yake nilifungua ya kwanza, ya Septemba 1986. Ni fupi. Inasema: Mwanangu, sikufungua barua yako. Niliiona ina jina la Doyle, nikaipitisha chini ya mlango wake ikiwa imefungwa. Muulize yeye. Nilitazama chini kwa sababu ningemtazama baba yako ningepiga kelele.

Thelathini zilizobaki nazituma zote kwa kifurushi hiki. Sikuzigusa. Kila moja ilipokuwa ikirudi imefungwa, wewe ulidhani unamwadhibu, naye alidhani umemkataa. Mimi nilikuwa nikishusha pumzi. Hasira yako ndiyo iliyokuwa kufuli langu. Nadine alijua kila kitu na katika miaka ishirini na tatu hakunitamkia hata neno moja. Aliniuliza tu, Terrell kaandika, Alhamisi baada ya Alhamisi, na alipohama aliniachia mimi sanduku, si mwingine. Nilidhani ananiamini. Sasa najua alikuwa akilipiza, na alilipiza vizuri kuliko sisi wawili.

Chumba cha chini mpe mtu mwingine. Neno lenu pia nalirudisha. Yule binti wa hospitali ana haki nalo, na yule wa beji, maana hawakumsukuma mtu nje ili wao wabaki ndani. Mimi kabati langu nililifunga kwa mgongo wako.

Mstari wa pili ulikuwa huu, na ndilo jibu la mkate.

Agosti 1986 Maxine Crabtree aliwaambia wazee wa kanisa kwamba kwa miezi minne ameniona nikilipitisha sinia bila kumega. Wakaniita Jumatano, chumba cha nyuma ya kanisa, watano, baba yako akiwa mwenyekiti. Wawili kati yao walikuwa kwenye bodi ya shule yangu. Barua yako nilikuwa nimeipokea siku mbili kabla, nimeisoma hadi mikunjo imelegea, nikaiweka katika koti ili nikujibu. Nilikuwa nimeshapata hata sentensi ya kuanzia: Mwanangu, huna kosa.

Baba yako akaniuliza, "Doyle, humwamini Mungu?"

Nikasema, "Namwamini."

"Basi mbona hushiki mkate?"

"Nina mzigo moyoni."

"Mzigo gani, ndugu yangu? Sema, tupo."

Wote watano waliinama mbele, wamejaa huruma, kama watu walivyonijia mwezi Juni. Nikaingiza mkono ndani ya koti, nikaitoa barua yako, nikaiweka mezani mbele ya baba yako, nikamwambia, "Ni mwanao."

Doyle